Haki Isiyo na Mlango

Mwaka 1989 wakili Gibson Kamau Kuria alikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi kudai pasipoti yake. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ametiwa kizuizini kwa miezi kadhaa, bila shtaka wala hukumu, baada ya kufungua kesi kwa niaba ya watu waliodai kuteswa mikononi mwa polisi. Alipoachiliwa, pasipoti ilibaki serikalini. Mwaka 1988 alitunukiwa nchini Marekani tuzo ya haki za binadamu yenye jina la Robert F. Kennedy, asiweze kusafiri kwenda kuipokea. Katiba ya Kenya ya wakati huo ilikuwa na sura nzima ya haki na uhuru wa mtu, kuanzia kifungu cha 70, na kifungu cha 84 kilisema bila kumung'unya maneno kwamba anayeona haki yake imevunjwa ana ruhusa ya kwenda Mahakama Kuu kuomba nafuu. Jaji Mkuu Cecil Miller alikwenda moja kwa moja kwenye kijifungu kidogo kilichompa Jaji Mkuu uwezo wa kutunga kanuni za kuendesha kesi za namna hiyo, akaona kwamba kanuni hazijawahi kutungwa. Pasipo kanuni, mahakama haikuwa na njia ya kulisikiliza dai. Kesi ikafa hapo.

Mwenye uwezo wa kutunga kanuni hizo alikuwa Jaji Mkuu mwenyewe.

Mwaka huohuo Jaji Norbury Dugdale alishika mkondo huohuo katika kesi nyingine. Kisha mwezi Desemba, Profesa Wangari Maathai alipoomba amri ya kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya bustani ya Uhuru Park, Dugdale aliamua kwamba Maathai hakuwa mtu wa kulalamika. Bustani ni ya umma, na wa kuusemea umma mahakamani ni Mwanasheria Mkuu. Iliyotaka kujenga ilikuwa kampuni ya gazeti la chama tawala, na Mwanasheria Mkuu ndiye mshauri wa serikali ya chama hicho. Jengo halikusimama hatimaye, lakini lilizuiwa na wafadhili wa kigeni waliojitoa baada ya kelele za Maathai, mahakama haikuwa na mkono wowote humo.

Tunapozungumzia uhuru wa raia kikatiba, macho huenda kwenye orodha: uhuru wa kusema, wa kuabudu, wa kukusanyika, wa kutoguswa mwili wala kupekuliwa nyumba. Orodha ni tamu kusoma, na kila serikali huipenda siku ya sherehe. Nguvu inayomzuia mtawala imo katika ibara zinazochosha, zile zinazosema nani anaruhusiwa kuingia mahakamani, kwa gharama gani, kabla ya saa ngapi, na mkiisha kuingia nani kati yenu atabeba mzigo wa kujieleza. Nyumba yaweza kuwa na vyumba kumi vya fahari, lakini kama haina mlango, mwenye nyumba hulala nje. Kenya ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu imeishi chini ya katiba mbili zenye orodha zinazofanana sana na milango tofauti kabisa.

Orodha ya kwanza ilikuja na uhuru mwaka 1963. Haikupita miaka mitatu kabla Bunge halijapanua uwezo wa serikali kumweka mtu kizuizini kwa jina la usalama wa umma, nchi ikiwa haina vita. Mahakama ilipoulizwa mwaka 1966, katika kesi ya mtu aliyepinga kuzuiliwa kwake, ilikataa kuchunguza kama sababu zilizotolewa na waziri ni za kweli. Jaramogi Oginga Odinga akazuiliwa mwaka 1969, Ngũgĩ wa Thiong'o akachukuliwa mwishoni mwa 1977 na kukaa gerezani Kamiti karibu mwaka mzima. Mwaka 1988 Bunge la chama kimoja liliwapa polisi siku 14 za kumshikilia mtuhumiwa wa kosa la kunyongwa kabla ya kumfikisha mbele ya hakimu, na kwa mswada huohuo likawaondolea majaji ulinzi wa kazi zao. Rais akapata uwezo wa kumfuta jaji. Tazama jinsi mambo yalivyopangika: siku 14 mikononi mwa polisi, na jaji wa kukuokoa anayeogopa kufutwa. Orodha ya haki yenyewe haikuhitaji kufutwa hata mstari. Kuna watu walioteswa katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo katika miaka ya 1980 ambao walikuwa na haki zote hizo zimeandikwa. Mahakama ilipowapa fidia watu 21 kati yao mnamo Julai 2010, walikuwa wamesubiri zaidi ya miaka 20.

Walioandika Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 walikuwa na mwaka 1989 akilini. Sioni namna nyingine ya kuieleza ibara ya 22. Inasema kila mtu ana haki ya kufungua kesi akidai kwamba haki imevunjwa au inatishiwa, na si kwa ajili yake tu: anaweza kumsemea asiyeweza kujisemea, akalisemea kundi, au akashtaki kwa maslahi ya umma. Hilo ni jibu kwa Maathai. Inasema hakuna ada itakayotozwa kwa kufungua kesi ya namna hiyo, na kwamba mahakama isibanwe na masharti ya kiufundi. Inamwagiza Jaji Mkuu atunge kanuni. Halafu, katika kijifungu cha mwisho, inaongeza kwamba kukosekana kwa kanuni hizo hakumzuii mtu yeyote kufungua kesi na kusikilizwa. Hilo ni jibu kwa Kamau Kuria, limeandikwa karibu kwa jina lake. Kanuni zilitungwa mwaka 2013 na Jaji Mkuu Willy Mutunga, na zinairuhusu mahakama ipokee hata barua, hata malalamiko ya mdomo. Mtu asiye wakili, Okiya Omtatah wa Busia, alijenga jina lake la kitaifa kwa kuishtaki serikali mara kwa mara akitumia mlango huo, hadi wapiga kura wakampa kiti cha useneta mwaka 2022. Chini ya katiba ya zamani angekuwa mtu wa kurudishwa kaunta ya masjala.

Ibara ya 24 ni nzito zaidi, na ndiyo ninayotamani ifundishwe mashuleni kabla ya nyingine yoyote. Serikali zote huruhusiwa kupunguza haki kwa sababu fulani, kwani hakuna nchi ambako uhuru wa kusema unakuruhusu kuchochea mauaji. Swali ni nani anayethibitisha. Katika katiba ya zamani kila haki ilifuatwa na mkia mrefu wa visababu, usalama, utulivu, maadili, afya ya umma, na sheria iliyojificha chini ya kisababu kimojawapo ilihesabiwa halali mpaka mlalamishi aonyeshe kwamba haifai katika jamii ya kidemokrasia. Raia, asiye na mafaili wala majasusi, ndiye alitakiwa kuthibitisha kwamba serikali haina sababu. Ibara ya 24 imeligeuza jambo. Sheria inayopunguza haki lazima itamke waziwazi kwamba ndiyo nia yake. Kiasi cha kupunguza lazima kilingane na lengo, na iulizwe kama hapakuwa na njia nyepesi zaidi ya kulifikia. Na anayetaka kupunguza ndiye anayebeba mzigo wa kuieleza mahakama. Haki nne hazipunguzwi kwa hali yoyote: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kuhukumiwa kwa haki, na amri ya habeas corpus, ile inayomlazimisha aliyemshika mtu amlete mbele ya jaji. Hata pale Katiba yenyewe ilipotaka kuachia nafasi, kwa mfano kwa mahakama za kadhi kutumia sheria ya Kiislamu katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, ilitaja mambo hayo moja moja na kusema ni kwa kadiri ya lazima tu. Wapwani walioishi na kesi za mirathi wanajua ubishi wake haujaisha, lakini ukomo umeandikwa.

Mtihani wa kwanza ulikuja upesi, na ulikuja Pwani. Oktoba 2010, wiki chache baada ya Katiba kuzinduliwa, serikali ilitangaza katika gazeti lake rasmi vikundi 33 kuwa magenge ya uhalifu, na Mombasa Republican Council ikatiwa humo pamoja na Mungiki. Wengi tunakumbuka maandishi ya "Pwani si Kenya" kwenye kuta, na jinsi yalivyowaudhi watu wa bara na kuwatia hofu hata Wapwani wengi. Kundi lenye kutaka kujitenga ndilo hasa ambalo hakuna mwanasiasa mwenye akili za kura atakayelitetea. Lakini Julai 2012 majaji watatu wa Mahakama Kuu mjini Mombasa waliiondoa marufuku hiyo. Serikali haikuwa imeleta ushahidi wa kutosha kwamba kundi lenyewe ni genge, na kupiga marufuku jumuiya nzima kulizidi kipimo cha lililolalamikiwa. Aliyetenda kosa ashtakiwe kwa kosa lake, na wenye madai ya kisiasa wana njia ya kujisajili kama chama. Nakumbuka hasira iliyofuata, watu wakiuliza kama Katiba imeandikwa kwa ajili ya wanaotaka kuivunja nchi. Naam, imeandikwa kwa ajili yao pia. Haki ya kusema inayohitajika ni ile ya kusema lisilopendwa, kwa kuwa linalopendwa halijawahi kuhitaji wakili.

Mtihani mkubwa ulikuja na damu. Septemba 2013 magaidi wa Al-Shabaab waliua watu 67 katika jumba la Westgate. Juni 2014 ikawa zamu ya Mpeketoni. Novemba mwaka huo abiria 28 walishushwa kwenye basi huko Mandera na kuuawa, na siku chache baadaye wachimba mawe 36 katika kaunti hiyohiyo. Nchi ilikuwa na haki ya kuogopa. Tarehe 18 Desemba Bunge lilipitisha sheria ya kurekebisha sheria za usalama katika kikao kilichogeuka kuwa cha makonde na karatasi kuchanwa, na Rais akaitia saini kesho yake. Sheria hiyo iligusa sheria nyingine nyingi kwa mpigo mmoja. Ilitishia faini ya hadi milioni 5 au kifungo cha miaka mitatu kwa anayechapisha maandishi au picha za waliokufa na waliojeruhiwa zinazoweza kuleta hofu. Iliweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini. Iliuwezesha upande wa mashtaka kumzuia mshtakiwa asitoke hata baada ya kupewa dhamana.

Muungano wa upinzani, CORD, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu walikwenda mahakamani. Tarehe 2 Januari 2015 vipengele vinane vilisimamishwa kwa muda, na tarehe 23 Februari jopo la majaji watano likabatilisha vipengele vinane. Ningependa kila mbunge asome jinsi majaji walivyofika hapo, kwani hawakudharau tishio. Walilikubali. Kisha wakauliza kila kipengele swali lilelile la ibara ya 24: hiki kinazuiaje ugaidi, na umethibitishaje? Kuhusu picha na maandishi, maneno ya sheria yalikuwa mapana kiasi kwamba mwandishi hangeweza kujua anavunja nini, na serikali haikuonyesha jinsi kumfunga mpiga picha kungemzuia mshambuliaji. Kuhusu wakimbizi, nchi wakati huo ilikuwa nao zaidi ya 500,000. Kikomo cha 150,000 kilikuwa na maana moja tu, kuwarudisha mamia ya maelfu ya watu kule walikokimbia kifo, jambo ambalo sheria ya kimataifa inalikataza. Serikali ilikuwa na hofu ya kweli, lakini haikuwa na jibu.

Jopo hilo liliviacha vipengele vinavyoruhusu idara ya ujasusi na polisi kunasa mawasiliano ya watu kwa ajili ya kuzuia ugaidi, na hapo sikubaliani nalo. Majaji waliona kibali cha mahakama na masharti ya kisheria vinatosha. Mtu anayenaswa simu hajui kwamba amenaswa. Mlango wa ibara ya 22 uko wazi kwake, lakini hajui kama ana sababu ya kuingia. Kibali anachokitoa jaji akiwa amesikiliza upande mmoja, bila yeyote kumwambia mlengwa hata baada ya uchunguzi kwisha, hakimpi raia nafasi ya kuuliza neno.

Aprili 2015 magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Kuna waliosema majaji walikuwa wameifunga serikali mikono. Lakini katika vipengele vilivyobatilishwa hakuna hata kimoja ambacho kingefikisha askari Garissa asubuhi ile mapema zaidi. Siku chache baadaye Inspekta Jenerali wa polisi alitoa orodha ya watu na mashirika aliowashuku kuwa na uhusiano na magaidi, na ndani yake mkawa na mashirika mawili ya kutetea haki yaliyoko Mombasa, Muhuri na Haki Africa, yaliyokuwa yakiandika habari za vijana wanaopotea na wanaouawa. Akaunti zao zikafungwa. Mahakama Kuu Mombasa ilizifungua mwaka huohuo. Sijaona ugaidi wowote ambao kufungwa kwa akaunti hizo kuliisaidia serikali kuugundua.

Serikali iliyoshindwa kwa mlango wa mbele hujaribu wa nyuma, na hili limeonekana zaidi kwenye uhuru wa kusema. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alibatilisha kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, kilichokuwa kikiwapeleka vijana seli kwa walichoandika kwenye Facebook. Februari 2017 kosa la jinai la kumkashifu mtu nalo likabatilishwa, na miezi michache baadaye kile kifungu cha kanuni ya adhabu cha kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma. Hukumu tatu ndani ya muda mfupi, zote zikisema jambo moja: maneno mapana kama "ya kuudhi" hayatoshi kumfunga mtu. Mei 2018 ikaja sheria ya uhalifu wa kompyuta, yenye kosa la kuchapisha habari za uongo, faini hadi milioni 5 na kifungo ambacho kwa kosa moja kinafika miaka 10. Vifungu 26 vilisimamishwa kabla havijaanza kutumika. Februari 2020 Mahakama Kuu ikavipitisha vyote. Kile kilichokuwa kimekatazwa mara tatu kikarudi kikiwa na adhabu kubwa zaidi. Mahakama si ukuta. Hukumu njema ya leo inaweza kuzungukwa na jaji mwingine kesho.

Ndugu zetu wa Tanzania wameijua habari hii ya mlango kwa njia yao. Hati ya haki iliingizwa katika Katiba ya Muungano mwaka 1984, lakini Bunge likaahirisha utekelezaji wake mahakamani hadi Machi 1988, ili serikali ipate muda wa kurekebisha sheria zake. Hata baada ya hapo, aliyetaka kuishtaki serikali alihitaji kwanza idhini ya serikali hiyohiyo. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, ilisema sharti hilo linavunja Katiba, na ikaeleza kwamba sheria inayopunguza haki lazima iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya na isizidi kiasi kinachohitajika. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa hukumu bora kabisa zilizoandikwa katika ukanda huu. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga sheria ya utaratibu wa kesi za haki, na kesi hizo zikatakiwa kusikilizwa na majaji watatu. Anayejua uhaba wa majaji katika vituo vya mikoani anajua maana ya sharti hilo kwa mtu wa Kigoma au Mtwara.

Nirudi Kenya, kwenye saa 24. Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo na si zaidi ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, husogezwa hadi mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana mawakili wa Kenya huchukia Ijumaa jioni. Mtu anayekamatwa saa kumi na moja siku hiyo anaweza kulala seli siku tatu bila sheria kuvunjwa hata kidogo, na polisi wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Dawa yake haihitaji kura ya maoni. Mahakama ikiweka mahakimu wa zamu Jumamosi na Jumapili katika kila kaunti na kuzitangaza kuwa siku za kawaida za kusikiliza wanaokamatwa, pengo linazibika. Ni suala la bajeti na ratiba.

Lakini saa 24 zina maana kwa aliyekamatwa tu. Baada ya maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, tuliona jambo la kutisha zaidi ya sheria mbaya. Katika Julai polisi walipotangaza kuwa hakuna maandamano katikati ya jiji la Nairobi, Mahakama Kuu ilisimamisha tangazo hilo, kwa sababu ibara ya 37 inatoa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na sheria inataka taarifa ya kati ya siku 3 na 14, haitaki ruhusa. Mapambano hayo yalikuwa ya kawaida, ya sheria kwa sheria. Yaliyoendelea sambamba nayo hayakuwa hivyo. Watu walianza kuchukuliwa mabarabarani na nyumbani na wanaume waliofunika nyuso, katika magari yenye namba za kubandikwa. Hawakuandikwa katika kitabu cha kituo chochote. Kufikia mwishoni mwa Desemba Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 82 waliotekwa tangu Juni, na 29 kati yao hawakujulikana waliko.

Nafikiri tulielewe vizuri badiliko hili. Serikali ya miaka ya 1980 ilikuwa na karatasi: amri ya kizuizini yenye saini ya waziri, ambayo mahakama ilikataa kuigusa. Leo saini hiyo ingebatilishwa kabla wino haujakauka, kwa hiyo haitiwi. Mtu hachukuliwi kwa mujibu wa sheria mbaya, anachukuliwa nje ya sheria yoyote, halafu msemaji anasimama mbele ya kamera na kusema hatunaye. Ibara ya 24 inamtaka mwenye kupunguza haki ajieleze, na njia pekee iliyobaki ya kukwepa kujieleza ni kukana kwamba umefanya kitu.

Hapo ndipo habeas corpus inapopimwa. Tarehe 19 Agosti 2024 mwanaharakati mmoja na ndugu wawili walitekwa Kitengela. Chama cha Wanasheria cha Kenya kilikwenda mahakamani. Polisi walisema hawako nao. Jaji Lawrence Mugambi hakutosheka na karatasi ya kukana; alimtaka Kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, aje mwenyewe aeleze. Hakuja. Aliitwa tena na tena, hakuja. Tarehe 13 Septemba jaji alimhukumu kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama, akampa siku saba za kujitetea kabla ya kifungo kuanza. Mara baada ya hapo jaji huyo aliondolewa walinzi wake, na Jaji Mkuu Martha Koome akajitokeza hadharani kulaani. Tarehe 20 Septemba, siku ya mwisho, watu wale watatu waliachiliwa Kiambu wakiwa hai baada ya siku 32, na siku hiyohiyo Masengeli alifika mahakamani akaomba radhi. Kifungo kikaondolewa.

Siwezi kusema kwamba kila aliyetekwa angerudi kwa njia hiyo. Wapo waliorudi wakiwa maiti, na familia nyingine hazijarudishiwa hata hizo. Ila kesi ya Kitengela inaonyesha kilichofanya kazi. Serikali kama serikali haikutikisika kwa hukumu zozote. Mwaka 2018, katika sakata la kumfukuza nchini mwanasiasa wa upinzani Miguna Miguna, waziri, katibu wake na mkuu wa polisi walitozwa faini ya shilingi 200,000 kila mmoja kwa kupuuza amri za mahakama, na Miguna akasafirishwa hivyohivyo nje ya nchi yake, asirudi hadi Oktoba 2022. Laki mbili si kitu kwa waziri. Lakini mtu mmoja mwenye jina, mwenye tarehe ya kuingia gerezani, alitafuta njia ndani ya siku saba.

Na jaji aliyempa tarehe hiyo alihitaji kitu ambacho majaji wa 1989 hawakuwa nacho, uhakika kwamba hatafutwa. Uhakika huo hata leo una nyufa. Mwaka 2019 tume inayoajiri majaji ilipendekeza majina 41, na Rais Uhuru Kenyatta akakaa nayo karibu miaka miwili. Juni 2021 aliwateua wengi wao na kuwaacha sita. Kati ya walioachwa walikuwamo Joel Ngugi na George Odunga, ambao wiki tatu kabla walikuwa katika jopo lililousimamisha mpango wake wa kubadili Katiba, BBI. Waliapishwa Septemba 2022 baada ya serikali kubadilika. Kila jaji mdogo aliyekuwa akitazama alijifunza hesabu yake.

Kwa hiyo ningetaka Bunge lifanye kazi ndogo na ya haraka. Sheria ya kudharau mahakama ya mwaka 2016 ilibatilishwa mwaka 2018 kwa sababu umma haukushirikishwa kuitunga, na ilistahili kubatilishwa, kwani iliwapa maafisa wa serikali kinga ambazo raia hana. Itungwe mpya, inayosema kwamba amri ya habeas corpus inapotolewa dhidi ya polisi, kamanda wa eneo lililotajwa anafika mwenyewe ndani ya saa 48, bila kutuma wakili, na akishindwa anasimamishwa kazi siku hiyohiyo. Iseme pia kwamba afisa anayekamata mtu akiwa amefunika uso, au akitumia gari lisilo na namba zake halisi, ametenda kosa la utekaji hata kama kuna hati ya kukamatwa mfukoni mwake. Mswada wa namna hiyo hauzidi kurasa sita. Na pamoja nao uridhiwe mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu dhidi ya kutoweshwa, ambao Kenya iliutia saini Februari 2007 kisha ikauweka kando bila kuuridhia.